Ukungu wa bafuni, kutoka Manchester hadi Tabata

Nimerudi Dar es Salaam kwa likizo ya wiki tatu, na asubuhi ya kwanza nilipoingia kuoga nyumbani kwa mdogo wangu, Tabata, niliona ukuta wa bafu umejaa madoa meusi ya ukungu, yaani kuvu, yaliyopanda hadi kwenye jipsamu ya dari. Mwenye nyumba alipopigiwa simu alijibu kwamba wapangaji ndio wanaooga mno bila kuacha hewa ipite, hivyo wapige rangi kwa gharama yao. Maneno hayohayo niliwahi kuambiwa na wakala wa nyumba yangu ya kwanza Manchester, nikayaamini, nikapaka rangi mara mbili, na mara zote mbili ukungu ukarudi.

Sikujua wakati huo kwamba katika mji jirani wa Rochdale, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu uliojaa nyumba waliyopanga wazazi wake, wahamiaji kutoka Sudan. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017, naye pia aliambiwa apake rangi. Leo Uingereza ina sheria yenye jina la mtoto huyo: tangu tarehe 27 Oktoba 2025, wamiliki wa nyumba za kijamii, yaani nyumba za kupanga za halmashauri na mashirika ya makazi, wanatakiwa kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na ukungu wenye madhara makubwa ndani ya siku 10 za kazi.

Rangi haiondoi ukungu kwa sababu ukungu unaishi kwa maji, na ubishi wote wa nani awajibike unapaswa kuanza kwa kuuliza maji hayo yanatoka wapi. Nilimwonyesha mdogo wangu njia rahisi: tulifuta sehemu ya ukuta, tukaiacha ikauke, tukabandika kipande cha foili na kuziba kingo zake zote kwa selotepu. Unyevu ukijikusanya juu ya foili, unatoka kwenye mvuke wa kuoga. Ukijikusanya nyuma yake, unatoka ndani ya ukuta. Baada ya siku mbili nyuma ya foili palikuwa pamelowa, na upande wa pili wa ukuta huo ndipo linapopita bomba la jikoni kwa mpangaji mwingine.

Simtetei mdogo wangu kwa kila jambo. Walikuwa wameziba matundu ya hewa kwa vitambaa ili mbu wasiingie, ilhali wavu ungezuia mbu na kuacha mvuke utoke, na walikaa na madoa hayo tangu masika bila kusema lolote. Kupitisha hewa, kukausha sakafu na kutoa taarifa mapema ni kazi ya mpangaji. Lakini bomba linalovuja ndani ya ukuta si kazi yake hata kidogo. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inamtaka mpangishaji ahakikishe kuwa nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu mwanzoni na katika muda wote wa upangaji, na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, kuta kuu ni juu yake kuzitunza.

"Dada, tumeshalipa kodi ya miezi sita," aliniambia. "Tukigombana naye tutakwenda wapi?" Swali hilo liliniumiza, kwa kuwa kodi ikishalipwa mbele, mpangaji hubaki na kauli dhaifu, na dalali aliyechukua kodi ya mwezi mzima hapokei tena simu. Ndiyo maana nilimshauri asigombane bali aandike. Tuliandika barua ya heshima, yenye tarehe ya simu ya kwanza, picha nne na ombi la fundi bomba kabla ya fundi rangi, kisha tukatoa nakala mbili. Mwenye nyumba aliipokea Jumatatu, akatia saini kwenye nakala yetu, na akaahidi kuleta fundi Jumamosi aupasue ukuta.