Sijakuuliza kama limekauka

Mjomba alilichukua bawa la kulia la ndege ya mfano ninayoiunda kwa mikono miwili, akaliinua usawa wa jicho, akalitazama kutoka shina hadi ncha kama afanyavyo siku zote. Kisha akaniuliza, "Umeliivisha?"

Nikamjibu, "Limekauka, mjomba. Leo siku ya tatu."

"Sijakuuliza kama limekauka."

Akaliweka mezani taratibu, akaaga, akaenda zake. Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Jumapili. Katikati hapo nimebadilishiwa zamu kazini, dada ameposwa, na mjadala wa kuuza gari umeisha kwa kuliuza, lakini mimi niko palepale mezani, nayasikia maneno yale matatu.

Kilichoniuma si kukosolewa. Kukosolewa na mjomba nimezoea, ndiko kulikonifundisha kazi hii. Kiliniuma kwa sababu nilikuwa nimemwita nikiwa na furaha. Bawa lile limenichukua jioni tisa. Sentimita 90, kiini cha povu gumu la bluu nilichokikata kwa waya wa moto, vipande viwili vya kaboni kwenye mhimili, juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo cha gramu 49 kwa mita ya mraba. Resini, ile epoksi ya kukigandisha kitambaa, niliipima kwenye mizani, sehemu 100 kwa 30 za hadena, kigumishi chake, nikakoroga mpaka michirizi yote ikapotea. Usiku kucha likalala ndani ya mfuko wa ombwe, ulionyonywa hewa. Lilipotoka halikuwa na kiputo hata kimoja. Nilitaka aseme zuri. Basi.

Na tofauti ya maneno naijua! Rangi ndiyo hukauka: kiyeyushi chake kinapaa hewani, yenyewe inabaki. Kwenye epoksi hakuna kinachosubiriwa kipae. Resini na hadena zinashikana molekuli kwa molekuli, na zinapoungana zinatoa joto lake zenyewe. (Ndiyo maana kuongeza hadena ili iwahi ni kosa. Iliyozidi haipati wa kushikana naye, inabaki humo ikililegeza bawa.) Tatizo ni kwamba kwenye chumba cha digrii 22 kazi hiyo inafika mahali inakwama. Kadiri mchanganyiko unavyokuwa mgumu, molekuli zinakosa nafasi ya kusogea na kutafutana. Ukibonyeza kwa ukucha, hakuna alama. Ukigonga, gumu. Lakini ndani bado ni bichi, na litabaki hivyo mpaka lipashwe moto kidogo, molekuli zipate kusogea tena. Huko ndiko kuliivisha.

Haya yote nilikuwa nayajua Jumanne nilipomjibu "limekauka". Hilo ndilo linaloniamsha.

Jumatano usiku nilichukua ule utepe ninaoutengenezaga pembeni kila mara kutoka kikombe kilekile cha resini, nikautumbukiza kwenye maji ya digrii 60 na kuubonyeza kwa kijiko. Ukapinda kama mshumaa. Nikaketi.

Maana nilikumbuka bawa jeusi. Mnalikumbuka, niliandika hapa kwa urefu na uchungu, nikailaumu povu kwamba ilikuwa mbovu. Lilikaa juani kwenye nyasi saa sita mchana kati ya mruko wa kwanza na wa pili, na liliporuka tena ncha ya kushoto ilikuwa imejikunja, ndege ikalala ubavu na kushuka moja kwa moja. Ngozi nyeusi kwenye jua kali inaweza kupita digrii 70. Ndege kubwa za nyuzi za kioo, zile zisizo na injini, hupakwa rangi nyeupe kwa sababu hiyohiyo. Povu haikuwa na kosa. Nililiivisha nusu, nikalipaka rangi nyeusi, nikalianika.

Mjomba alikuwepo siku ile. Aliokota vipande pamoja nami na hakusema neno. Kwa hiyo "Umeliivisha?" halikuwa swali la Jumanne. Amelibeba tangu siku ile, akingoja nilete bawa jingine.

Ijumaa saa kumi na mbili jioni nikawasha sanduku. Ni mbao za povu la kuzuia joto, balbu mbili za zamani zinazochemka, feni ndogo ya kuzungusha hewa, na vipimajoto viwili, kimoja kikigusa ngozi ya bawa lenyewe. Bawa nikalilaza kwenye vitanda vyake, yale mabaki ya povu yaliyobaki baada ya kulikata, na uzito juu, kwa sababu resini ikipata joto hulegea kwanza kabla ya kukaza, na umbo litakalokuwa nalo hapo ndilo litakalobaki. Nikapandisha digrii 5 kila saa, kutoka 25 hadi 55. Juu zaidi sikuthubutu, povu yenyewe huanza kulegea kwenye sabini na kitu. Likakaa kwenye 55 kwa muda wa saa kumi. Kisha nikazima na kuliacha lipoe humohumo, sikufungua hata kuchungulia.

Jana saa tisa alasiri nikafungua. Nikaligonga kwa kifundo cha kidole, na sauti ilikuwa nyingine kabisa. Jumanne lilikuwa likitoa mlio mzito, wa kadibodi. Sasa linalia, mlio mwembamba unaokwenda mpaka ncha na kurudi. Utepe wa pili, uliolala sanduku moja nalo, nikautia kwenye maji ya digrii 60. Nikabonyeza. Haukupinda! Nilicheka peke yangu karakana nzima.

Nikampigia simu. "Shikamoo mjomba. Limeiva."

Akanyamaza kidogo. Kisha, "La kushoto je?"

Sanduku linaingiza bawa moja tu. La kushoto linaingia leo jioni, na safari hii swali halikuuma hata kidogo. Nililisikia kama mtu anayevuta kiti akae.

Ila usiku ule wa Ijumaa, nilipoamka saa tisa kwenda kusoma kipimajoto, nilimsikia binti yangu akikohoa chumbani kwake. Karakana haingii, nimemkataza tangu zamani, na mlango ulikuwa umefungwa. Ni kikohozi kikavu, kinakuja mara tatu nne kisha kinatulia. Asubuhi nilimuuliza, akasema hana kitu. Jana usiku nimekisikia tena.