Kitanda cha bibi: usiku wa kumi na nne na kamba bado imekaza

Leo asubuhi nimelaza ubao juu ya mifumbati, ile miti mirefu ya ubavuni, nikateremsha rula katikati kuona kamba imebonyea kiasi gani: sentimita 2. Nimekilalia wiki mbili mfululizo na ni sentimita 2 zile zile. Nimewaita watu wote wa nyumbani waje waone.

Kitanda chenyewe ni kile nilichokitoa ghalani kwa bibi, Pangani. Futi 6 kwa 3 na nusu, mifumbati ya mvule, matendegu (miguu) ya kukereza yenye mikanda myekundu na myeusi kama ya vitanda vya Lamu. Kazi ya mbao haikunisumbua. Ulimi wa kitakizo cha miguuni, ule mti wa kukingama unaochomekwa kwenye tendegu, ulikuwa umeliwa na mchwa, nikaukata na kupachika mwingine, basi. Kilichonitesa ni mwambo, yaani kamba zenyewe za kulalia.

Mara ya kwanza nilitumia kamba ya mkonge ya milimita 6, mita 80 hivi. Niliiloweka kwenye beseni usiku kucha. Nilikua nikimwona bibi akilowesha ukindu kabla ya kusuka, na nimeona ngoma zikiwambwa kwa ngozi iliyolowa, kwa hiyo sikumuuliza mtu. Niliwamba kamba ikichuruzika maji, mguu mmoja nimeukanyagia mfumbati, navuta mpaka viganja vikachubuka. Jioni ukiigonga kwa kidole inalia kama uzi wa zeze. Siku ya tatu, kamba ilipokauka, katikati pamebonyea sentimita 8, na hakuna aliyekilalia hata usiku mmoja.

Nikafumua. Nikailoweka siku nzima safari hii, nikavuta kwa nguvu zaidi. Sentimita 9.

Mara ya tatu nikaulaumu mkonge, nikanunua kamba ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Kwa macho hakuna inayoishinda: kahawia iliyokolea, vinyuzi vimesimama kama manyoya, na ukiinusa harufu ya makumbi bado imo. Lakini usumba unanyumbuka mno. Wazee walishonea mitepe, vile vyombo vya baharini vya mbao za kushonwa, kwa kamba hiyo, na chombo kinachopigwa na mawimbi kinahitaji kamba yenye kunyumbuka. Kitanda hakihitaji. Usiku mmoja tu, sentimita 11. Siku ile nilikisimamisha ukutani, nikakifunika shuka ili nisikione.

Aliyenifungua macho ni mzee wa mtaa wa pili ambaye ujanani alikuwa akiwamba vitanda. Nilimpelekea kipande cha ile kamba ya mkonge. Alikisokota, akakisokotoa, akakiweka chini.

"Uliilowesha?"

"Ndiyo, babu."

"Kamba si ngozi, mjukuu wangu. Ngozi ikikauka hukaza. Kamba ikikauka hulegea."

Nilirudi nyumbani nikajaribu. Kipande cha mita 1 nikakitia majini, nikakipima: kimefupika, unaona kabisa. Nyuzi zikinywa maji huvimba, msokoto hujaa, na kamba huvutika ndani. Ndiyo maana kamba ya mkonge ya kuanikia nguo hujikaza yenyewe mvua ikinyesha. Miezi miwili nilikuwa nawamba kamba ikiwa imefupika, kisha naikausha ili irefuke!

Basi mara ya nne, mkonge mkavu. Niliifunga mnazi hadi mnazi, nikaining'inizia ndoo za mchanga, nikaiacha siku 3 ili ulegevu wote utoke kabla haijafika kitandani. Mkonge huu nimeuheshimu upya. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani mtaalamu wa kilimo, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Marekani. Vilivyofika hai ni 62 tu, na shamba la kwanza likawa Kikokwe, karibu na Pangani. Kitanda cha Pangani, kamba ya Pangani. Usumba nimeurudisha stoo.

Jambo la pili lilitoka kwenye picha ya kitanda cha kamba cha Kihindi, kile wanachokiita charpai. Sisi tulizoea kuwamba kutoka kitakizo hadi kitakizo, na kamba ikishalegea huna pa kuishika, sharti ufumue. Wao mwambo wanaukomesha kabla ya kufika miguuni. Hapo wanakatisha ugwe mnene, kisha kamba nyingine inapita kati ya ugwe huo na kitakizo, zigizaga. Ukitaka kukaza unavuta hiyo peke yake. Niliacha nafasi ya shibiri moja na nusu, na badala ya kuwamba wima na mlalo nikawamba mshazari, kwa sababu kamba za mshazari zimeunganika na ule ugwe: ukiuvuta, kitanda kizima kinaitika. Siku ya nne nilivuta kidogo, siku ya tisa tena. Tangu hapo sijagusa.

Kuhusu vifaa: koleo usilitumie kuvutia kamba. Meno yake yanakata nyuzi, na hapo ndipo kamba itakapokatikia. Nilichonga kigingi cha mkwaju urefu wa kiganja, nazungushia kamba mara mbili, navuta nacho. Kupenyeza kamba chini ya nyingine, shazia (sindano nene) kubwa iliyosagwa ncha iwe butu. Na mbao za zamani msizipige vanishi, tafadhali. Mvule uliolaliwa miaka yote hiyo una rangi ambayo kopo halina. Nimeupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na mafuta ya kitani, nikasugua kwa kitambaa, unatosha.

Iliyokuwa inafuata ni mikanda ya matendegu, miwili imebanduka rangi. Nilishanunua brashi. Lakini jana, nikiwa nimelala chali chini ya kitanda nakagua mafundo, niliona ile mishazari inapopishana inatoa umbo lile lile la ukili, ule msuko wa ukindu, wa mkeka wa bibi, jicho kwa jicho. Nina fremu ya kigoda isiyo na kikalio. Kwa nini nisiiwambe kwa mashupatu (mikanda ya ukindu uliosukwa) ya rangi, mshazari vilevile, na ugwe wake wa kukazia upande mmoja?

Matendegu yatasubiri. Chane za ukindu ziko kwenye sufuria ya rangi ya zambarau tangu saa nne, na sasa hivi naenda kuzigeuza.