Kumbukumbu ya mradi: maandalizi ya kuruka kutoka Kisumu hadi Entebbe kwa ndege ndogo

Tangu niandike mara ya mwisho, kazi imehama kutoka karakana hadi mezani. Ukaguzi wa mwaka wa ndege yetu, Cessna 172N ambayo mimi na wenzangu wawili tunaimiliki kwa pamoja, umekamilika na fundi ametia saini kitabuni. Kinachobaki sasa ni kuiandaa safari yenyewe: Kisumu hadi Entebbe na kurudi, mara yetu ya kwanza kuitoa ndege hii nje ya Kenya. Angani ni mwendo wa saa moja na nusu hivi. Maandalizi yanachukua muda mrefu zaidi, kwa sababu kila karatasi lazima ikubaliane na nyingine zote: jina la rubani, nambari ya usajili, tarehe, idadi ya watu, hata tahajia ya jina la abiria.

Jambo lililotuchukulia muda mwingi ni njia. Ukiitazama ramani, Kisumu na Entebbe zinakaribia kuwa kwenye mstari mmoja. Kisumu iko kusini kidogo ya ikweta na Entebbe kaskazini kidogo, na umbali wa moja kwa moja ni takriban maili 137 za baharini, yaani kilomita 254. Tatizo ni kwamba ukishapita Bondo na Usenge unaingia ziwani, na karibu theluthi mbili ya njia hiyo ni maji yenye visiwa hapa na pale. Ndege yetu ina injini moja. Tukiruka kwa kimo cha futi 8,500, na uso wa Ziwa Victoria ukiwa kwenye takriban futi 3,720 juu ya usawa wa bahari, tunabaki na futi 4,780 tu kati yetu na maji. Injini ikizima, ndege ya aina hii huteleza hewani takriban maili moja na nusu za baharini kwa kila futi 1,000 inazoshuka, kwa hiyo tungefika kama maili saba, sawa na kilomita 13. Katika sehemu pana za ziwa umbali huo haukufikishi nchi kavu, na pale unapokufikisha, mara nyingi ni kwenye kisiwa chenye miti na mawe.

Njia ya pili inapita juu ya Maseno, inavuka mto Nzoia, inafika Busia, kisha inaelekea Jinja na kufuata ukingo wa ziwa hadi Entebbe. Nimeipima tena na tena: ni takriban maili 155. Kwa kasi ya noti 105, yaani karibu kilomita 195 kwa saa, tofauti kati ya njia hizi mbili ni dakika kumi hivi. Mwenzangu mmoja alipendelea njia fupi, na ninaelewa kwa nini, kwa maana ziwa asubuhi linapendeza mno kutoka juu. Nilimpelekea swali hilo mwalimu aliyenifundisha urubani, mzee ambaye bado hupita uwanjani kututazama. Aliiangalia ramani kwa muda, akauliza, "Kijana wangu, hizo dakika kumi utazifanyia nini Entebbe?" Tumechagua nchi kavu. Chini yake kuna mashamba, barabara kuu na uwanja mdogo wa Jinja, na sehemu inayonitia wasiwasi ni fupi, pale njia inapogusa ukingo wa kusini wa msitu wa Mabira. Hata hivyo tutabeba jaketi za kuokoa maisha kwa kila aliyemo, kwa kuwa baada ya Jinja maji hayako mbali, na nimewafundisha wenzangu kwamba jaketi haijazwi upepo kamwe ukiwa bado ndani ya ndege.

Kimo nacho kina kanuni yake. Anayeruka kwa kuona, yaani kwa kutazama nje badala ya kutegemea vyombo, akielekea upande wa magharibi, hutumia futi za maelfu shufwa na kuongeza 500; anayeelekea mashariki hutumia maelfu witiri na 500. Kwa hiyo kwenda ni 6,500 au 8,500, na kurudi ni 7,500 au 9,500.

Saa ya kuondoka imeamuliwa na hali ya hewa. Wakazi wa Kisumu wanajua kwamba mawingu ya ngurumo hujengeka alasiri juu ya nchi kavu, huku ziwa lenyewe likipata dhoruba zake usiku na alfajiri. Ukiondoka mapema mno unaweza kuzikuta dhoruba za usiku zikiwa bado upande wa Uganda. Ukichelewa, unarudi nyumbani kwenye radi za Nandi na Kakamega. Saa tatu asubuhi inatufaa, na inatufaa pia kwa sababu ya joto: nyuzi 30 za alasiri huifanya ndege ijione kana kwamba inapaa kutoka uwanja ulio futi 6,400 juu ya usawa wa bahari, ilhali kwa nyuzi 20 za asubuhi ni kama 5,200. Kwa injini ya nguvu farasi 160, tofauti hiyo ni kubwa.

Mafuta nimeyapanga tusitegemee kununua ng'ambo. Matangi yana takriban lita 150 zinazotumika, injini hunywa kama lita 32 kwa saa, na kwenda na kurudi ni saa tatu. Tutarudi tukiwa na zaidi ya saa moja ya akiba, ambapo kanuni za kimataifa zinataka angalau nusu saa mchana. Jumamosi nilichukua sampuli chini ya kila bawa kwa kikombe cha plastiki na kuinyanyua kwenye mwanga: petroli ya ndege iitwayo 100LL huwa na rangi ya buluu hafifu, na tone la maji, likiwapo, hukaa chini likionekana kama ushanga. Haikuwa na tone.

Sasa makaratasi. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, katika kifungu cha 29, unaorodhesha yanayopaswa kuwa ndani ya ndege inayovuka mpaka: cheti cha usajili, cheti cha kuthibitisha kwamba inafaa kuruka, leseni za marubani, kitabu cha safari, leseni ya redio, na orodha ya abiria. Kwa kuwa ndege ina usajili wa Kenya, unaoanza na 5Y, na leseni yangu imetolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, leseni hiyo inatambuliwa Uganda bila kubadilishwa. Nimeongeza barua ya wenzangu kuniruhusu kuirusha ndege nje ya nchi. Bima ndiyo iliyohitaji barua nyingi zaidi, kwa sababu hati ya awali ilitaja Kenya pekee. Sasa imeongezwa Uganda, pamoja na madhara kwa watu wengine. Vyeti vya chanjo ya homa ya manjano tunavyo sote.

Mkataba huo huo, katika kifungu cha 10, unaipa nchi haki ya kudai kwamba ndege inayoingia itue kwanza kwenye uwanja wenye forodha, na ndiyo maana tutatua Entebbe hata kama rafiki tunayemtembelea anaishi Jinja. Maafisa wa uhamiaji na forodha wa upande wetu nitawaarifu mapema kwa maandishi, badala ya kudhani tu kwamba watakuwapo saa ninayowataka.

Fomu ya mpango wa safari nimeshaijaza kwa penseli. Katika kisanduku cha 8 ni V kwa kuruka kwa kuona, na G kwa ndege binafsi. Saa zote huandikwa kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, hivyo saa tatu yetu ya asubuhi imekuwa 0600. Kisanduku cha 19 kinahitaji utulivu, kwa maana pale hukatwa herufi ya kila kifaa ambacho ndege haina, na waokoaji wataisoma karatasi hiyo siku ambayo sisi hatuwezi kujieleza. Jaketi tumeziacha bila kukatwa. Boti ya mpira tumeikata. Kitoa ishara cha dharura ni cha megahezi 406, kwa sababu setilaiti ziliacha kusikiliza masafa ya zamani ya 121.5 tangu Februari 2009, na nimehakiki kwamba namba yake ya utambulisho imesajiliwa kwa ndege hii wala si kwa ile iliyokuwa nayo awali.

Ombi la kibali limekwenda kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, likiwa na nakala za hati zote nilizozitaja. Nambari ya kibali ikitoka itaingia katika kisanduku cha 18, kisha nitaiandika fomu upya kwa kalamu na kuiwasilisha.