Sketi ya neti kwa msimu wa sikukuu

Mtindo wa baleti, yaani kuvaa kama wachezaji wa dansi hiyo ya jukwaani, huharibika pale mtu anapovaa kila kitu kwa pamoja: sketi ya neti, utepe, kiatu cha bapa, nywele za kifundo. Chagua viwili. Sketi ndiyo yenye kazi.

Nunua neti laini. Ile ngumu hukwaruza miguu na kunasa soksi ndefu. Tabaka tatu zinatosha, kila moja upana wake mara 2.5 ya kiuno. Ukizidisha, kiuno kinafura. Vuta marinda kwa mistari miwili ya mshono mrefu wa milimita 5, maana ukitegemea mmoja na uzi ukakatika, yote hufunguka. Lastiki iwe ya upana wa sentimita 4, fupi kuliko kiuno kwa sentimita 5. Bitana ya satini iishie juu kidogo ya neti. Pindo usilishone, neti haitoki nyuzi. Na pasi ya moto weka mbali kabisa: neti ya nailoni huyeyuka papo hapo.

Utepe wa kiatu ufunge fundo upande wa ndani wa kifundo cha mguu, uchomeke ncha. Fundo likikaa nyuma, juu ya kano, utepe huteleza na kuuma.