Siku yangu maabara: byureti 21 na mtu mmoja mwenye 12.40

Saa 10 na nusu alfajiri. Alamu naizima mara mbili, ya tatu naamka. Ukitoka Mbagala umechelewa kufika ni majaliwa, na leo fom fo wana praktikali ya kemia, wako 42 na byureti nzima (ile mirija ya kioo yenye vipimo na koki chini, ya kudondoshea asidi) ninazo 21, kwa hiyo ni awamu mbili hakuna namna.

Saa 12 na kitu niko kwenye daladala nimening'inia. Konda anasema songeni nyuma kuna nafasi, hiyo nafasi anaiona yeye peke yake.

Saa 1 na robo nachukua funguo kwa mlinzi. "Shikamoo mzee." "Marahaba, leo mnapika nini huko?" Kila siku swali ni hilohilo, na mimi nimeshazoea kujibu pilau.

Mapishi yenyewe sasa. Sodiamu kaboneti gramu 31.8 kwenye lita 6, yaani 5.3 kila lita, hapo una 0.05M (M ni moli kwa lita, kipimo cha ukali wa mchanganyiko). Halafu asidi ya haidrokloriki, ile kali ya chupa kubwa, ukifungua tu moshi unakukaba, mimi huifungulia dirishani. Natoa mililita 60 naenda nayo kwenye maji mpaka ifike lita 7, inakuja kwenye 0.1M hivi. Maji kwanza ndio asidi ifuate jamani, ukigeuza inachemka ghafla inakurukia usoni. Na maji ni yale ya betri, ya bomba yana chumvi zake zitakuharibia jibu.

Saa 3 awamu ya kwanza. Wanadondosha asidi kwenye flaski ya kaboneti mpaka rangi ya kiashiria ibadilike, halafu wanaandika mililita za asidi zilizotumika. Nusu saa nzima mimi ni kuzunguka na kusema yaleyale: suuza byureti kwa asidi, pipeti, ule mrija wa kupimia, kwa kaboneti, flaski kwa maji matupu maana ukiisuuza kwa kaboneti umeongeza mzigo bila kujua. Toa hewa pale chini ya koki. Toa faneli, inadondosha. Inama, jicho liwe sawa na uso wa maji, soma pale kwenye bonde. Kuna kaka mrefu hainami hata kidogo, anasoma kwa juu kama anaangalia kisima.

Majibu yanaanza kuja, 24.80, 24.70, 24.90, safi. Mara binti mmoja wa nyuma kaandika 12.40, 12.40, 12.30. Mwalimu wa somo kamwambia rudia. Akarudia, 12.40 tena! Wenzake wakaanza kucheka, kuna mmoja pembeni anamnong'oneza andika tu 24.80 uishe.

Hakuandika. Nikamfuata, nikamuuliza umeona rangi gani. "Madam, ilikuwa pinki ikapotea, nikafunga koki."

Pinki?? Methaili oranji, kiashiria cha leo, inatoka njano inaenda rangi ya chungwa, pinki ya kupotea inatoka wapi. Nikainua kichupa chake nikanusa aibu yangu mwenyewe, asubuhi kwa haraka nilimwekea fenolfthaleini, kiashiria kingine kabisa, lebo imefutika. Na namba yake ilikuwa sahihi kabisa: kaboneti inaliwa na asidi kwa awamu mbili, kwanza inageuka baikaboneti, ndipo baikaboneti inamalizika na kutoa gesi. Fenolfthaleini inapoteza rangi pale katikati tu, methaili oranji inasubiri mpaka mwisho. Zidisha 12.40 mara mbili uone. Nilimwomba radhi mbele ya wote, mwalimu akaligeuza kuwa kipindi, ubaoni dakika kumi.

Saa 6 awamu ya pili. Byureti moja imegonga sinki, ncha kwaheri.

Saa 7 na nusu chipsi mayai, nimekula nimesimama.

Saa 8 chumvi ya siri, wanapewa bila jina watambue ni ya nini. Unga wa kijani, ukiuchoma unakuwa mweusi, ukitia asidi povu, ukidondoshea amonia kidogo unapata bluu ya mawingumawingu, ukizidisha inayeyuka inakuwa bluu nzito ya wino. Hapo hata wale wa kusinzia huwa wanaamka, wakapiga kelele kopa! kopa! (yaani shaba) kama wamemkamata mwizi.

Saa 10 ni kuosha. Byureti nageuza kichwa chini koki wazi, vichupa vyote naandika upya kwa maka peni, hiki cha fenolfthaleini nimeandika pande mbili.

Saa 1 usiku niko Mbagala, meseji ya mwalimu inaingia: kesho fom thrii, wako 40, byureti zetu si bado 21?

Nimemjibu 20.