Pasi Yangu Kwenye Kasha la Kampuni

Afisa usalama wa kampuni aliniwekea mezani bahasha ya kaki na karatasi ya kutia saini. Mkobani nilikuwa na pasi yangu ya Kenya, ile ya buluu yenye nembo ya simba wawili na jogoo aliyeshika shoka. Ilikuwa mwaka 2014, huku Maryland. Kazi niliyopewa ilikuwa ya kulinda mitandao ya kompyuta ya serikali ya Marekani, na bila kibali cha usalama, yaani idhini ya serikali ya kushika siri zake, hugusi hata kibodi.

Pasi hiyo niliihangaikia. Nilipoapa kuwa raia wa Marekani mwaka 2008, sheria ya Kenya ya wakati ule ilinivua uraia wangu wa kuzaliwa. Katiba mpya ya tarehe 27 Agosti 2010 ikaruhusu uraia pacha, na sisi tuliokwisha kuupoteza tukafunguliwa mlango wa kuuomba upya. Nikaomba, nikapanda na kushuka Nyayo House, makao ya uhamiaji Nairobi, hadi nikaupata. Baba aliishika ile pasi kwa mikono miwili, akasema, "Sasa umerudi, mwanangu."

Kumbe kurudi huko ndiko kulikokuja kuulizwa. Kwenye fomu ya SF-86, ile ya kuombea kibali, kurasa 127, nilitaja kila kitu: pasi, kipande cha shamba Kilifi, ndugu, mashemeji, safari za miaka saba. Mpelelezi aliyenihoji, mama wa makamo, hakujali kwamba nimezaliwa Mombasa, hilo sikulichagua. Alichotaka kujua ni kwa nini, nikiwa tayari Mmarekani, niliufuata tena uraia wa Kenya kwa miguu yangu. Nikamwambia: wazazi, urithi, na kuingia kwetu bila kuomba ruhusa. Akaandika polepole, neno kwa neno. Sikumficha kitu, na vijana wetu wanaoomba kazi hizi nawasihi wasifiche. Pasi ina dawa. Uongo kwenye fomu ile hauna.

Kwa mwongozo wa siku zile, uraia pacha peke yake haukumnyima mtu kibali. Kilichokwamisha ni kushika pasi hai ya nchi nyingine. Ilibidi uiharibu, uirudishe kwa walioitoa, au uikabidhi. Nikaikabidhi. Afisa akaifunga bahasha kwa gundi, nikatia saini juu ya mdomo wa bahasha, naye akaifungia ndani ya kasha la chuma. Ningeweza kuidai siku yoyote, lakini serikali ingearifiwa.

Kuulizwa sikuona ubaya. Siri za nchi zina haki ya kulindwa, na kiapo changu nilikiapa kwa moyo. Lililoniuma, na linaniuma mpaka leo, ni mapenzi ya mtu kupimwa kwa kijitabu.

Mwaka 2016 baba alifariki. Nilifika Mombasa wameshazika, nikawahi hitma. Uwanja wa ndege nilipanga foleni ya wageni na kulipia viza dola 50 na ushei. Kijana wa uhamiaji akasoma mahali nilipozaliwa kwenye pasi ya Marekani, akainua macho.

"Dada, kwani kwenu wapi?"

"Kibokoni."

"Ah! Karibu nyumbani," akasema, kisha akanigongea muhuri wa mgeni.

Tarehe 8 Juni 2017 mwongozo mpya ukaanza kutumika. Kuwa na pasi ya pili si kizuizi tena kwa yenyewe, mradi uitangaze na uingie na kutoka Marekani kwa pasi ya Marekani. Baada ya wiki chache afisa usalama akaniita, akanirudishia bahasha. Gundi ilikuwa haijaguswa.

Niliifungua usiku, jikoni kwangu, kwa kisu cha kukatia vitunguu. Ndani mlikuwa na muhuri mmoja tu, wa kutoka Mombasa mwaka 2012. Siku hiyo baba ndiye aliyenisindikiza.