Fimbo Mlangoni

Dereva aliniambia basi la kurudi litapita "poslezavtra", yaani kesho kutwa. Injini ilikuwa inanguruma, na Kirusi changu kilikuwa cha miezi sita tu, nikasikia "zavtra", kesho. Kwa hiyo asubuhi ya pili nilimuaga bibi wa watu, akanijibu maneno marefu nikadhani ananiombea dua ya safari, nikaenda kusimama barabarani. Nilisimama saa mbili nzima. Baridi ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri na viatu vyangu ni vya mjini. Vidole vya miguu viliuma, kisha vikaacha kuuma, na hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Nilikuwa nimetumwa. Kijana ninayelala naye chumba kimoja dakhalia ana bibi yake kijijini, wilaya ya Kargopol, mkoa wa Arkhangelsk, kaskazini mwa Urusi, akaniomba nimpelekee dawa na miwani wakati wa likizo. Kutoka Moscow ni treni mpaka Nyandoma, usiku kucha na bado. Treni haifiki mji wa Kargopol kwenyewe. Reli ya kwenda Arkhangelsk ilipojengwa miaka ya 1890 iliupita mji kwa mbali, kiasi cha kilomita 80, na mji uliotajirika kwa biashara ya chumvi ya Bahari Nyeupe, wenye kanisa kuu la mawe meupe la mwaka 1562, ukabaki pembeni. Basi la asubuhi nilikuta limeshaondoka. Mwenye teksi akanitajia bei iliyozidi nauli yangu yote ya treni, na hakushuka hata senti. Nililipa, na roho iliniuma njia nzima.

Njia yenyewe ni misitu. Misonobari, theluji, misonobari tena, mpaka unasinzia na kuamka ukidhani gari halijatembea. Wilaya ile ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 10,000. Kwetu Pemba haifiki hata moja ya kumi yake, na sensa ya 2022 imetuhesabu zaidi ya 540,000. Wilaya yote ya Kargopol, sensa ya 2010, ilikuwa na watu elfu 18 na ushee, na zaidi ya nusu yao wamo mjini, pale Mto Onega unapotoka Ziwa Lacha. Waliobaki ndio wamegawana misitu yote ile.

Nikiwa pale barabarani nilimwona bibi anakuja, anavuta kigari cha kuteleza kwenye theluji. Juu yake amepakia valenki, vile viatu vya sufu nzito vinavyofika magotini. Hakunigombeza. Alipiga goti kwenye theluji, mwanamke wa miaka themanini na kitu, akanivua viatu na kunivisha vile vya marehemu mumewe. "Twende, mwanangu," akasema. Nilishindwa kujibu.

Nyumba yake ni ya magogo, na robo ya chumba imeliwa na jiko la matofali lililopakwa chokaa. Juu ya jiko pana nafasi ya kulala, na joto lake halina mfano. Akanipandisha mimi huko, yeye akalala kwenye kitanda baridi ukutani. Nilikataa mara tatu. Hakunisikiliza.

Kijiji kina nyumba zaidi ya ishirini, zinazofuka moshi ni tatu. Shamba la ushirika lilikufa baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, shule ikafungwa, vijana wakafuata kazi mijini. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha chochote, bibi alikuwa anafuta ukungu wa kioo na kutazama dohani mbili za wenzake. Akiona moshi, anajishughulisha na yake.

Mchana likaja gari la duka, lile linalopita siku maalumu na mikate, sukari na mafuta. Likapiga honi, watu wakatoka: bibi, mtu na mkewe, na dada wawili. Watano. Nilisubiri wengine watokee, hawakutokea. Bibi alinunua mikate minne badala ya miwili, kwa ajili yangu. Nilipotoa pesa alinifumba kiganja kwa mkono wake, akakishikilia hivyo mpaka gari likaondoka.

Jambo jingine lililonishangaza ni fimbo. Akitoka hafungi kufuli, anaegemeza fimbo mlangoni, na kila anayepita anajua mwenyewe hayupo. Kwetu unapiga hodi, na hata mama akiwa shambani, mtoto mmoja atakujibu karibu. Lakini nilipokuwa juu ya lile jiko nilianza kuhesabu vijana wa mtaani kwetu Micheweni waliobaki. Wengine wako Unguja, wengine Dar, wawili Muscat. Mimi mwenyewe niko huku. Mama hajawahi kulala peke yake nyumbani, na usiku ule nilitaka kumpigia, simu haikushika mtandao.

Siku ya basi, bibi aliegemeza fimbo mlangoni akanisindikiza mpaka barabarani. Valenki akakataa kuzipokea. Basi lilipoanza kuondoka nilifuta ukungu wa dirisha na kutazama nyuma. Dohani tatu, zote zinafuka.